Kikanisa cha zamani kinauzwa: kiwe nyumba, malazi ya wageni, ukumbi, au ibada irudi?

Ukipita vijiji vya Wales, hutakwenda mbali kabla hujaona bango la dalali limechomekwa mbele ya jengo la mawe lenye madirisha marefu na jina la Biblia juu ya mlango: Bethel, Seion, Salem, Ebeneser, Soar. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili atayatambua mengi ya majina hayo hata kama hajui neno moja la Kiwelisi. Chini ya jina pana kibao cha miaka: kilijengwa mwaka fulani, kikajengwa upya mwaka fulani, pengine kikapanuliwa mara ya tatu, kwa sababu waumini walizidi kuongezeka. Katika nchi ile ndogo vilijengwa vikanisa zaidi ya 6,000, vingi katika karne ya 19, kwa michango ya wachimba makaa, wachonga sleti na wakulima. Uamsho wa 1904 na 1905 ulivijaza tena pomoni. Leo vingi vimebakiwa na wazee wachache wasioweza kulipia paa, na ndiyo maana vinauzwa.

Matangazo karibu yote yana maneno yale yale: kinafaa kubadilishwa kwa matumizi mapya, kibali kikipatikana. Mnunuzi huishika nusu ya kwanza, moyo ukamruka, nusu ya pili akaipita. Makala haya ni ya kumsaidia aipime nusu ya pili kabla hajatoa fedha. Nitalinganisha njia nne ambazo watu huzifuata zaidi, Wales na Uingereza. (Nikisema Uingereza hapa nakusudia nchi yenye London, si ufalme mzima, maana sheria za Wales zimeachana na zake katika mambo kadhaa, na tofauti hiyo inagusa mfuko.)

Niseme mapema ninapoegemea. Kikanisa ni chumba kimoja. Kilijengwa ili mamia ya watu wamsikie mtu mmoja bila kipaza sauti. Kila ukuta unaouongeza ndani yake unaulipia kwa fedha, kisha unaulipia tena kwa kupoteza kile kilichokufanya ukipende. Kwa hiyo swali ninalouliza kila njia ni hili: inahitaji vyumba vingapi?

Ukiingia mlangoni

Sukuma mlango wa jengo ambalo halijawashwa moto kwa miezi. Harufu ya kwanza ni ya vitabu vya nyimbo vilivyolowa. Mbele yako kuna mabenchi ya msonobari yenye namba ndogo pembeni, kwa kuwa zamani familia zililipia nafasi zao za kukaa. Juu, pande tatu, roshani imekalia nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Mbele kuna mimbari pana, na chini yake kizimba cha mashemasi ambacho Wawelisi hukiita kiti kikubwa. Kama kilikuwa cha Wabaptisti, inua mbao zilizo mbele ya mimbari: huenda chini yake pana birika la ubatizo, lenye kina cha kiuno na ngazi zake. Nimewahi kusimama juu ya mbao za namna hiyo nikasikia utupu unaitika chini ya viatu, wakati tangazo halikuwa limetaja birika lolote. Na ubao wa nyimbo ulikuwa bado una namba tatu za ibada ya mwisho. Nilikaa kwenye benchi kwa muda kabla ya kuendelea kupima, na sioni aibu kusema hivyo. Watu walioana pale, wakazikana pale. Anayenunua jengo hili ananunua pia wajibu wa kulitendea vema.

Kisha weka kiganja ukutani, chini ya dirisha, upande unaopigwa na mvua. Kuta za mawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: hupokea unyevu na kuutoa. Katika karne ya 20 kuta nyingi zilipigwa lipu ya saruji kwa nje, watu wakidhani wanazikinga. Saruji ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji huingia na kukosa pa kutokea, yakaelekea ndani, yakakutana na ncha ya boriti ya roshani iliyozamishwa ukutani. Hapo ndipo kuvu wa mbao huanza kazi yake. Gonga boriti kwa mpini wa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikilia kavu, vizuri. Ikitoa sauti nzito, kana kwamba umegonga mkate uliolowa, tafuta mhandisi wa miundo kabla ya kumtafuta mchora ramani.

Halafu pima. Tuseme jengo lina urefu wa mita 12, upana wa mita 9 na kimo cha mita 7. Hizo ni mita za ujazo 756. Sebule ya kawaida ya mita 5 kwa 4 yenye dari la mita 2.4 ina mita za ujazo 48. Hewa ya kupasha moto ndani ya kikanisa hicho kidogo ni ya sebule kama 16, na hewa ya moto hupanda juu kwenye kenchi, wewe ukabaki na baridi miguuni. Takwimu hiyo moja inaamua mambo mengi huko mbele.

Nyumba ya kuishi

Hii ndiyo ndoto ya wengi, na ndiyo njia inayogombana na jengo zaidi ya zote. Familia inataka vyumba vitatu vya kulala, bafu mbili, jiko, stoo. Jengo lina chumba kimoja.

Jibu la haraka la wachoraji ni kutia ghorofa katikati. Likikaa vibaya, sakafu mpya inakata dirisha refu vipande viwili: chini unapata nusu dirisha lisilo na kichwa, juu unapata tao linaloanzia kwenye vifundo vya miguu yako. Wachoraji wazuri huirudisha sakafu nyuma ya dirisha kwa mita moja au zaidi, mwanga ushuke mpaka chini. Uzuri unabaki, ila umepoteza eneo la sakafu ulilokuwa ukilihesabia. Tena kuna jambo ambalo wanunuzi huligundua wakishahamia: vizingiti vya madirisha ya vikanisa vingi viko juu ya kichwa cha mtu aliyeketi, kwa makusudi, ili waumini wasitazame barabarani. Ukikaa sebuleni unaona mbingu tu. Jengo likiwa limeorodheshwa kama urithi, usitegemee kuruhusiwa kuvishusha.

Jawabu zuri kuliko yote nililoliona ni kutafuta kikanisa chenye chumba cha Shule ya Jumapili mgongoni. Vingi vinacho: jengo la pembeni lenye dari la chini, mara nyingi na choo na jiko dogo la chai. Familia inalala huko, kwenye vyumba vinavyopashika moto, na kikanisa chenyewe kinabaki sebule moja kubwa, roshani ikawa mahali pa vitabu na kazi. Kwa mwenye watoto, kama hakuna chumba hicho cha nyuma, mimi ningeendelea kutafuta jengo jingine.

Kibali ni lazima. Uingereza ina njia ya mkato ya kugeuza maduka na ofisi kuwa makazi, lakini nyumba za ibada hazimo ndani yake. Utapeleka maombi kamili kwa halmashauri. Benki nazo zina tabia yake: mkopo wa kawaida wa nyumba hutolewa kwa jengo lenye jiko na bafu, nalo lako halina. Wengi huishia kwenye mikopo ya kujijengea, inayotolewa kwa awamu kazi inavyokwenda, na wanaohitaji hiyo wajiandae na akiba ya awamu ya kwanza.

Upande wa kodi ndipo njia hii inapolipa. Kazi za ukarabati kwa kawaida hubeba VAT ya asilimia 20, lakini kugeuza jengo lisilo la makazi kuwa makazi kunashusha kazi nyingi za mkandarasi hadi asilimia 5. Kwa kazi ya paundi 200,000 kabla ya kodi, ni tofauti ya kulipa 10,000 badala ya 40,000. Na kama unaigeuza kwa ajili ya kukaa mwenyewe, kuna mpango wa kudai VAT uliyolipa, ikiwemo ya vifaa ulivyonunua. Madai hupelekwa mara moja tu, ndani ya miezi sita baada ya kazi kukamilika. Tunza kila risiti. Mkandarasi akikutoza asilimia 20 mahali palipostahili 5, mpango huo haukurudishii ziada. Unadaiana naye mwenyewe. Kwa hiyo lizungumze kabla ya kusaini.

Kodi ya ununuzi pia huwa nafuu, kwa sababu siku unayonunua jengo si makazi bado. Chukua kikanisa cha paundi 240,000. Uingereza paundi 150,000 za kwanza hazitozwi, na zinazofuata hadi 250,000 hutozwa asilimia 2: utalipa 1,800. Wales kiwango kisichotozwa kinafika 225,000, kisha asilimia 1 hadi 250,000: utalipa 150.

Malazi ya wageni

Kwa macho ya haraka hii ni nyumba ile ile, ila mpangaji anabadilika kila wiki. Kimajengo ni rahisi kidogo: wageni wawili waliokuja kwa siku nne wanafurahia kulala kwenye roshani wazi na kuoga chini ya mimbari. Hawahitaji stoo wala chumba cha kufulia. Chumba kimoja kinaweza kubaki kimoja. Kwa hoja hiyo nilikuwa nikiipendekeza njia hii sana.

Sheria za Wales zimenifanya nipunguze sauti. Tangu Oktoba 2022, Wales imeyagawa makazi katika makundi matatu: nyumba kuu ya kuishi, nyumba ya pili, na nyumba ya kukodisha kwa muda mfupi. Ukiomba kibali, eleza wazi ni lipi, na halmashauri ya eneo ambalo vijana wa pale hawapati nyumba itakuuliza maswali magumu. Yana haki yake. Kijiji kilichopoteza shule na duka, kisha kikanisa chake kikawa na taa zinazowaka majira ya joto tu, kimepoteza kitu cha kweli.

Kisha hesabu siku. Kanuni zilizoanza Wales Aprili 2023 zinataka malazi yawe wazi kukodishwa siku 252 kwa mwaka na yakodishwe kweli siku 182, ili yahesabiwe kuwa biashara. Uingereza, tangu mwezi huo huo, ni siku 140 na 70. Tofauti ni kubwa mno kwa jengo lililo kwenye bonde la mvua. Ukishindwa kufikisha siku hizo Wales, unaangukia kodi ya halmashauri ya makazi, na halmashauri ina mamlaka ya kuiongezea nyumba ya pili hadi asilimia 300 juu ya kiwango cha kawaida. Zaidi ya hapo, nafuu za kodi ya mapato walizokuwa wakipata wenye nyumba za likizo zenye samani ziliondolewa Aprili 2025 katika ufalme wote, na ule mpango wa kudai VAT ya kujijengea hautumiki kwa nyumba ya biashara. Makabrasha ya matangazo yaliyoandikwa kwa hesabu za miaka ya nyuma bado yanazunguka. Yafanyie hesabu upya kabla ya kuyaamini.

Ukumbi wa jamii, sanaa au michezo

Hapa jengo linapumua. Ukumbi wa muziki, jumba la maonyesho, maktaba, mahali pa mikutano: vyote vinataka chumba kimoja kirefu chenye sauti nzuri, na ndicho ulicho nacho.

Sheria pia zinakubali baadhi ya matumizi hayo. Uingereza, nyumba ya ibada iko katika kundi la matumizi F1, na ndani ya kundi hilo hilo kuna makumbusho, maktaba ya umma, jumba la sanaa, shule na ukumbi wa mikutano. Wales wanatumia kundi lao la D1, lenye mchanganyiko unaofanana. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ndani ya kundi hakuhitaji kibali cha kubadilisha matumizi. Bado utahitaji idhini ya urithi kama jengo limeorodheshwa, na kufuata kanuni za ujenzi na za moto, lakini mlango mgumu kuliko yote umeshaupita. Mgahawa au duka ni habari nyingine: Uingereza hayo yamo kundi E, na kibali kinahitajika.

Mifano ipo ya kwenda kuiona kwa macho. Machynlleth, katikati ya Wales, kikanisa cha zamani cha Wawesley kiitwacho Tabernacl kilifunguliwa mwaka 1986 kama kituo cha sanaa, na watu husikiliza muziki wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yale yale. Bolton, kaskazini mwa Uingereza, kanisa la All Souls la mwaka 1881 lilifunguliwa tena Desemba 2014 likiwa kituo cha jamii: vyumba vipya vimesimamishwa katikati ya kanisa kama majengo madogo ndani ya jengo kubwa, kuta za kale zikaachwa zionekane. Manchester kuna kanisa la Mtakatifu Benedikto ambalo sasa ni mahali pa kupanda kuta za mazoezi, na kimo chake, kinachomtesa mwenye nyumba kwa baridi, huko ndiyo mali yenyewe. Hata Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 lilipogeuzwa duka la vitabu, wasanifu waliweka kabati refu la chuma lenye ngazi ndani yake upande mmoja wa ukumbi, vitabu vikapanda hadi karibu na dari na kanisa likabaki zima.

Mantiki ya Bolton na Maastricht ni ile ile: kinachoingizwa kinasimama kwa miguu yake, na siku moja kinaweza kutolewa bila kuacha kovu. Maafisa wa urithi, Cadw upande wa Wales na Historic England upande wa pili, husikiliza kwa moyo mkunjufu zaidi mpango wa namna hiyo kuliko ule wa kubomoa roshani.

Baridi nayo inakuwa ndogo hapa. Ukumbi unapashwa kwa muda wa saa tatu tu, Jumamosi jioni, watu wakiwa na makoti. Nyumba inapashwa siku nzima, miezi saba.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye pesa na watu. VAT ni asilimia 20 kwa karibu kila kitu. Vyoo vya wageni, njia ya kiti cha magurudumu, mlango wa pili wa kutokea moto ukiwaka, yote yanahitajika, na kikanisa kina mlango mmoja na ngazi nyembamba mbili za roshani. Mara nyingi utaambiwa roshani isitumiwe na hadhira mpaka ngazi zishughulikiwe, na hapo nusu ya viti umeipoteza. Anayetaka ruzuku ajue kwamba ule mfuko wa serikali wa kusaidia jamii kumiliki majengo ulifungwa Desemba 2024. Mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa bado upo, lakini unataka kikundi kilichosajiliwa, mpango wa biashara na subira. Mtu mmoja mwenye mapenzi mema asiingie peke yake. Kikundi cha watu wanane wanaoaminiana, akiwemo mmoja anayejua vitabu vya fedha na mmoja anayejua kupanda darini, kinaweza.

Uingereza kikundi kina silaha moja ya ziada: jengo likiandikishwa na halmashauri kuwa mali yenye thamani kwa jamii, mwenye nalo akitaka kuliuza, kikundi kina wiki sita za kusema kinalitaka, na kikisema hivyo, muda hurefushwa kufikia miezi sita kwa jumla ili kitafute fedha. Muuzaji halazimiki kuwauzia. Wales haki hiyo haipo, kwa hiyo kule zungumzeni na wazee wa kikanisa kabla bango halijachomekwa.

Ibada irudi

Makanisa ya wahamiaji, yakiwemo yanayoimba kwa Kiswahili, yanasali kwenye kumbi za shule za kukodi, na kila Jumapili vijana hubeba vyombo vya muziki kutoka kwenye gari na kuvirudisha jioni. Kwao kikanisa kinachouzwa ni jibu la maombi, na kati ya njia zote nne hii ndiyo inayobadilisha kidogo zaidi. Matumizi hayabadiliki. Nyumba ya ibada ya hadhara haitozwi kodi ya majengo ya biashara. Roshani inapata watu, mimbari inapata mhubiri.

Mambo mawili tu yaangaliwe kwa makini. Hati za mauzo: baadhi ya madhehebu huuza kwa sharti kwamba jengo lisitumike na kanisa jingine, au lisitumike kabla ya muda fulani. Pili, jengo lililoorodheshwa. Wamethodisti, Wakatoliki, Waanglikana na wengine wachache wana msamaha unaowaruhusu kupitisha mabadiliko ndani ya mifumo yao wenyewe. Kanisa jipya linalojitegemea halimo. Walichofanya wenyeji wa kwanza bila kuuliza halmashauri, ninyi mtakiombea idhini, na kufanya kazi kwenye jengo lililoorodheshwa bila idhini ni kosa la jinai. Kuondoa mabenchi ili kuweka jukwaa kunahesabika.

Yaliyo nje ya mlango

Mara nyingi uamuzi haufanyiki ndani. Unafanyika kwenye nyasi za nje na kwenye bahasha ya wakili.

Makaburi kwanza. Sheria ya mwaka 1884 inakataza kujenga juu ya makaburi yaliyoachwa kutumika, na marekebisho ya 1981 yalilegeza kwa masharti: miaka 50 iwe imepita bila mazishi, au ndugu wa waliozikwa wasipinge, na mabaki yahamishwe kwa utaratibu. Kwa lugha nyepesi, ile nyongeza ya jiko la vioo uliyoiwaza nyuma ya jengo huenda isisimame kamwe. Kuna wauzaji wanaobaki na makaburi na kukuuzia jengo tu. Ndipo uangalie njia ya kufika mlangoni mwako ni ya nani, bomba la maji taka linapita wapi, na ndugu wana haki ya kupita lini. Kwa ukumbi na ibada, mtu anayekuja na maua Jumapili si tatizo. Kwa mgeni aliyelipia utulivu, au kwako ukiwa umevaa nguo za kulalia, ni jambo la kuliwaza mapema.

Vizuizi kwenye hati ni vingi kuliko watu wanavyodhani: hakuna pombe, hakuna kamari, hakuna dansi. Vingine viliandikwa miaka mia iliyopita, vingine vinaandikwa kwenye mkataba wako mwenyewe. Ukumbi wa muziki usioweza kuuza bia wakati wa mapumziko una hesabu tofauti kabisa. Tafuta pia sharti la nyongeza, linalompa muuzaji sehemu ya faida ukipata kibali cha makazi baadaye.

Na usitegemee bei ya huruma. Wadhamini wa kanisa ni wadhamini wa hisani kisheria; kabla ya kuuza hutakiwa kupata ripoti ya mshauri anayestahili na kuuza kwa masharti bora yanayopatikana. Mzee aliyekushika mkono kwa machozi na kusema angefurahi ukinunua wewe, anasema kweli, lakini sheria haimwachii nafasi kubwa. Hati zenyewe zinaweza kuwa bado za karatasi: usajili wa lazima wakati wa mauzo ulienea kote Uingereza na Wales Desemba 1990 tu, na kikanisa ambacho hakijawahi kuuzwa kinaweza kuwa kwa majina ya wadhamini waliokufa zamani. Wakili ataongeza wiki kadhaa hapo.

Ningechagua vipi

Mwenye familia na fedha za kutosha kwa awamu ya kwanza, akipata kikanisa chenye chumba cha Shule ya Jumapili na ardhi isiyo na makaburi, afanye nyumba. Nafuu ya VAT pekee inaweza kulipia paa. Bila chumba hicho cha nyuma, mtu mmoja au wawili wasio na watoto bado wanaweza kuishi vizuri ndani ya chumba kimoja, mradi wakubali kujenga kibanda cha mbao chenye joto ndani ya jengo na kuacha nafasi iliyobaki iwe baridi wakati wa kipupwe. Wapo wanaoishi hivyo kwa furaha.

Malazi ya wageni ningeyafanya Uingereza, karibu na njia za watembea kwa miguu au pwani, na Wales pale tu ambapo umehesabu siku 182 bila kujidanganya kuhusu Novemba.

Kama jengo limeorodheshwa katika daraja la II* au la I, yaani ngazi za juu za urithi, na roshani, mabenchi na mimbari vyote viko pale, usilipeleke kwenye makazi hata kidogo. Litakuvunja. Hilo ni la ukumbi au la ibada, na kama huna kikundi, mwachie mwenye nacho. Jengo la kawaida lililokwisha kuporwa mabenchi yake linavumilia mengi zaidi, na hapo hata karakana ya mseremala au studio ya mfinyanzi ni chaguo la heshima.

Na kabla ya kutoa ofa, chagua mwezi. Popo wanapenda paa za sleti na mianya ya kenchi, na popo wote wa huko wanalindwa na sheria, pamoja na maficho yao hata wakiwa hawapo. Mtaalamu huwahesabu machweo wanapotoka, kati ya Mei na Septemba. Ukiona bango Oktoba, ukanunua Desemba na kutaka kuanza paa Februari, huna hesabu ya kuipelekea halmashauri mpaka majira ya joto, na jengo lako litakaa na ndoo chini ya mvujo msimu mzima. Ombeni muuzaji akubali mkataba wenye sharti la kibali, au walau awaruhusu kumwingiza mtaalamu wa popo kabla ya mauzo. Akikataa yote mawili, punguza bei kwa gharama ya turubai nzuri la kufunika paa kwa mwaka mmoja, na ulifunge mwenyewe kabla ya mvua kubwa, bila kugusa mianya ambayo popo hupitia.